Bi. Margaret Wade: Kocha Aliyengoja Miaka 41

Katika ukurasa wa wasifu tumezoea kusoma juu ya wanasiasa, waandishi na wakimbiaji wetu hodari, na wote wanastahili. Mara hii nimeonelea nikupashe habari za mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa kuwafundisha wasichana kutia mpira kikapuni. Jina lake ni Margaret Wade, wa nchi ya Marekani. Alifariki mwaka 1995, sisi wa Kidato cha Tatu tukiwa bado hatujazaliwa. Najua kuna atakayeuliza: hivi, shule ya kutwa ya Kenya na huyo mama wa Mississippi wanahusiana nini? Usiwe na haraka. Tuanze mwanzo.

Margaret Wade alizaliwa tarehe 30 Desemba 1912 katika mji mdogo uitwao McCool, jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Hilo ni jimbo la mashamba ya pamba, na limepewa jina la mto mkubwa unaopita upande wake wa magharibi. Masomo ya sekondari aliyapatia katika mji wa Cleveland. Tafadhali usiuchanganye mji huu na ule mkubwa wenye jina hilohilo ulioko jimbo la Ohio. Cleveland ya Mississippi ni mji mdogo tu, na karibu maisha yake yote Bi. Wade aliyamalizia hapo.

Ili uelewe yaliyompata, ni lazima kwanza nikueleze kidogo juu ya mchezo wenyewe. Mpira wa kikapu ulibuniwa mwezi wa Desemba 1891 na James Naismith, mwalimu mzaliwa wa Kanada, katika mji wa Springfield nchini Marekani. Alitaka vijana wake wapate mchezo wa kucheza ndani ya jumba wakati wa baridi. Akatundika vikapu viwili vya matunda ukutani, na mchezo ukaanza. Haikuchukua hata mwaka mmoja wasichana nao wakaupenda. Mwalimu Senda Berenson aliuingiza katika chuo cha wanawake cha Smith mwaka 1892. Lakini aliubadilisha. Aliugawa uwanja sehemu tatu kwa mistari, na msichana hakuruhusiwa kuvuka mstari wake. Hakuruhusiwa kumpokonya mwenziwe mpira, wala kukaa nao kwa zaidi ya sekunde tatu.

Kwa nini masharti haya yote? Siku hizo madaktari na walimu wengi waliamini kwamba mwili wa msichana ni dhaifu. Eti akikimbia sana moyo utaharibika, na akishindana mbele ya watu adabu itapotea. Bi. Berenson mwenyewe alikuwa na nia njema, maana bila masharti hayo huenda wakubwa wangeukataza mchezo kabisa. Hata hivyo hofu ile haikwisha. Mwaka 1923 viongozi wa michezo ya wanawake walifanya mkutano wao, na baada ya hapo wakapiga kampeni dhidi ya vyuo kushindanisha timu za wasichana. Walitaka wasichana wacheze kwa kujifurahisha tu, bila vikombe, bila safari na bila kelele za mashabiki.

Hali ilikuwa hiyo Margaret Wade alipojiunga na chuo cha ualimu cha Delta State, kilichofunguliwa mwaka 1925 palepale Cleveland. Chuo kilikuwa na timu ya wasichana ya mpira wa kikapu. Margaret alikuwa mchezaji stadi, wenzake wakampa unahodha. Kwa misimu mitatu walicheza na vyuo vingine na kushinda michezo mingi. Alibakiwa na mwaka mmoja tu amalize masomo, naye bila shaka aliutazamia kwa hamu kama vile nahodha yeyote anavyoutazamia mwaka wake wa mwisho.

Basi hapo ndipo pigo lilipowashukia. Mwaka 1932 wakuu wa chuo waliamua kuivunja timu ya wasichana. Sababu iliyotolewa ni kwamba mchezo huu ni mzito mno kwa mabinti. Timu haikuwa imefanya kosa lolote, wala haikuwa imeshindwa vibaya. Eti ilivunjwa kwa faida ya wachezaji wenyewe! Wasichana wale walilia. Kisha wakazikusanya sare zao za mchezo wakazitia moto, kwa kuwa hawakuwa na lingine la kufanya.

Msomaji, mimi jambo hili limenikera kuliko mengine yote niliyoyasoma juu yake. Wazia nahodha amesimama mbele ya moto, anatazama fulana yake inavyogeuka majivu. Hakuna mchezaji hata mmoja aliyekuwa ameanguka uwanjani kwa kuishiwa nguvu. Miaka mitatu Margaret alikimbia, akaruka, akatoka jasho, na bado alikuwa na afya yake. Ushahidi ulikuwa umesimama pale kwa miguu yake mwenyewe, lakini uamuzi ulishapitishwa.

Margaret alihitimu mwaka 1933. Kwa kuwa chuoni hapakuwa na timu, alikwenda kuchezea timu ya Tupelo Red Wings kwa miaka miwili, mpaka alipoumia goti na kulazimika kuacha kucheza. Mwaka 1935 alirudi Cleveland kufundisha katika shule ya sekondari, akakabidhiwa timu ya wasichana. Hapo alikaa miaka 19. Angalia hesabu yake: timu zake zilishinda michezo 453, zikashindwa 89 na kutoka sare mara 6. Yaani katika kila michezo 10, alishinda 8 na zaidi. Mwaka 1954 aliacha ukocha, na mwaka 1959 akaajiriwa kuwa mwalimu wa elimu ya mazoezi ya mwili katika chuo kilekile cha Delta State.

Hebu tutue hapa tufikiri kidogo. Bi. Wade alirudi katika chuo kilichoivunja timu yake. Alifundisha hapo mwaka baada ya mwaka, na chuo hakikuwa na timu ya kikapu ya wasichana. Vijana wa kiume walicheza, walishangiliwa, walisafiri. Mwalimu aliyekuwa na ujuzi wa miaka 19 ya ukocha alikuwa yupo palepale, lakini hakuna msichana wa chuo aliyeufaidi katika mashindano. Nimepiga hesabu yangu mwenyewe. Tangu timu ivunjwe mwaka 1932 hadi irudishwe mwaka 1973 ni miaka 41. Kama mwanafunzi hukaa chuoni miaka minne, basi vizazi kumi vya wasichana viliingia na kutoka pasipo hata mmoja kuvaa jezi ya chuo chake. Wangapi kati yao walikuwa hodari? Hakuna atakayejua kamwe, maana hawakupewa nafasi.

Kuna jambo jingine ambalo si haki nilifiche. Wakati Margaret alipokuwa nahodha, chuo cha Delta State kilikuwa cha Wazungu peke yao. Sheria za Mississippi ziliwatenga watu weusi katika shule, magari na hata hoteli. Kwa hiyo wasichana wa Kizungu walinyang'anywa mchezo, lakini wasichana weusi hawakuwa wameruhusiwa hata kuingia langoni. Chuo kilianza kuwapokea wanafunzi weusi katika miaka ya sitini tu, baada ya mapambano makubwa ya kudai haki nchini humo.

Baadaye mambo yalianza kubadilika kwa kasi. Mwaka 1971 wasichana wa vyuo walianza kucheza kwa kanuni mpya: wachezaji watano kila upande, na kila mmoja huru kukimbia uwanja mzima. Mwaka uo huo vyuo viliunda shirikisho la kusimamia michezo ya wanawake, na mwaka 1972 mashindano ya kwanza ya ubingwa wa taifa chini ya shirikisho hilo yakafanywa. Tena mwaka huohuo wa 1972 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyokataza shule na vyuo vinavyopokea pesa za serikali kuu kumbagua mtu kwa sababu ni mwanamke au mwanamume. Kumbe ile mistari iliyochorwa sakafuni miaka themanini nyuma ilikuwa inaweza kufutika!

Mwaka 1973 chuo cha Delta State kiliamua kuirudisha timu ya wasichana. Nani apewe kazi ya ukocha? Wakuu walimwendea Bi. Wade. Alikuwa na umri wa miaka 60. Wengi katika umri huo huwaza kustaafu na kupumzika kibarazani na wajukuu. Tena mchezo alioukuta si ule aliouacha, na alikuwa hajaongoza timu kwa miaka karibu ishirini. Angeweza kukataa na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alikubali.

Msimu wa kwanza tu, timu yake ilishinda michezo 16 ikashindwa 2. Timu iliyokuwa haipo mwaka uliotangulia!

Miongoni mwa wasichana alioanza nao alikuwamo Lusia Harris, binti wa familia ya wakulima weusi wa Minter City, kijiji kisicho mbali na Cleveland. Lusia alikuwa na urefu wa sentimita 191, naye ndiye pekee aliyekuwa mweusi katika timu. Mpira ukimfikia karibu na kikapu, wapinzani walikuwa wamekwisha. Katika miaka yake minne chuoni alifunga pointi 2,981. Mimi huwaza jambo moja: Lusia angezaliwa miaka ishirini mapema, milango miwili ingekuwa imefungwa mbele yake, mmoja kwa sababu ya rangi yake na mwingine kwa sababu ya usichana wake. Ipo bahati ya kuzaliwa wakati wake, lakini wakati huo nao haukuja wenyewe. Kuna watu walioupigania.

Sasa tufike kwenye vikombe. Siku hizo timu iliyotamba Marekani nzima ilikuwa ya Immaculata, chuo kidogo cha Kikatoliki katika jimbo la Pennsylvania. Walikuwa mabingwa mwaka 1972, 1973 na 1974 mfululizo. Mashabiki wao wakubwa walikuwa masista, ambao walikuja uwanjani na ndoo za chuma wakizipiga kama ngoma. Mwaka 1975 Immaculata walifika fainali tena, huko Harrisonburg, Virginia, wakakutana na timu ya Bi. Wade, ambayo haikuwa imeshindwa mchezo hata mmoja msimu mzima. Ndoo zililia, lakini wapi! Delta State walishinda kwa pointi 90 kwa 81. Walimaliza msimu wakiwa wamecheza michezo 28 na kushinda yote 28.

Mwaka 1976 timu hizo mbili zilikutana tena katika fainali, na Delta State wakashinda 69 kwa 64. Mwaka 1977 walikutana na chuo kikuu cha jimbo la Louisiana wakakilaza 68 kwa 55. Hivyo wakawa mabingwa wa taifa mara tatu mfululizo. Katika misimu hiyo mitatu walishinda michezo 93 na kushindwa 4 tu. Ndani ya kipindi hicho kulikuwa na michezo 51 mfululizo waliyoshinda bila kuteleza. Haya yote yalifanywa na chuo cha mji mdogo, katikati ya mashamba ya pamba, chuo kilekile kilichosema zamani kwamba mchezo ni mzito mno kwa mabinti.

Mwaka 1976 mpira wa kikapu wa wanawake uliingizwa katika michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, huko Montreal, Kanada. Kenya yetu haikushiriki michezo ile, kwani ilijiunga na nchi nyingine za Afrika kuisusia kwa sababu ya New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilikuwa imekwenda kucheza na Afrika Kusini ya makaburu. Marekani ilikwenda, na katika timu yake alikuwamo Lusia Harris. Aliyefunga pointi za kwanza kabisa katika historia ya mchezo huo kwa wanawake katika Olimpiki ni yeye. Timu yao ilirudi na medali ya fedha nyuma ya Muungano wa Sovieti. Mwaka 1977 timu ya wanaume ya kulipwa ya New Orleans Jazz ilimteua ajiunge nayo. Hakwenda, lakini jina lake lilikuwa limeshaandikwa.

Bi. Wade alistaafu mwaka 1979 akiwa ameshinda michezo 157 na kushindwa 23 katika misimu sita pale chuoni. Heshima zilimfuata. Tangu mwaka 1978 mchezaji bora wa kike wa vyuo nchini Marekani hupewa kombe lenye jina la Wade. Mwaka 1985 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mpira wa kikapu lililoko Springfield, mji ule ule ulikozaliwa mchezo. Wanawake watatu waliingizwa mwaka huo, nao walikuwa wa kwanza kuwahi kupewa heshima hiyo: Margaret Wade, Bertha Teague na yule Senda Berenson aliyechora mistari. Lusia Harris naye alifuata mwaka 1992. Bi. Wade alifariki mwezi wa Februari 1995 akiwa na umri wa miaka 82. Lusia aliaga dunia mwaka 2022.

Wahenga walinena kwamba subira huvuta heri. Walimu wetu hutupa methali hii kila tukilalamika, na mtu angeweza kusema kwamba maisha ya Bi. Wade yanaithibitisha. Mimi naona ni nusu tu ya ukweli. Ni kweli alisubiri. Lakini subira yake haikuwa ya kukaa bure. Aliyoyajua aliwapa wasichana wa sekondari kwa miaka 19, kisha akawafunza walimu chuoni, ujuzi usimfie mkononi. Mlango ulipofunguliwa mwaka 1973, yeye alikuwa tayari. Na mlango wenyewe haukufunguliwa na subira. Ulifunguliwa na sheria na watu waliokataa kunyamaza. Wale wasichana wa vizazi kumi walisubiri pia, na hawakupata heri yoyote.

Sasa nirudi kwa yule aliyeuliza tunahusiana nini na Mississippi. Shuleni kwetu hakuna aliyeandika barua ya kuivunja timu ya wasichana. Hilo namshukuru Mungu. Lakini hebu simama kando ya uwanja saa kumi jioni, kengele ya michezo ikishalia. Utawaona wavulana wakidunda mpira mpaka giza liingie. Utawaona wasichana wakibeba mikoba kuelekea kituo cha matatu, kwa sababu nyumbani kuna maji ya kuteka, kuna ugali wa kusonga, kuna mdogo wa kubebwa. Mwezi uliopita tulikuwa kumi na wawili mazoezini. Wiki jana tulikuwa sita. Timu inaweza kufa bila mtu yeyote kuiua, na hapo hata sare za kuchoma hazitakuwapo.

Siwalaumu wazazi, wala sisemi kazi ya nyumbani ni ya aibu. Ninalouliza ni dogo: kwa nini kaka yangu ana jioni, mimi sina? Kama ndoo za maji ni nne, si kila mmoja abebe mbili? Na kwenu walimu wetu wapendwa, kwa heshima zote ninaomba mazoezi ya wasichana yawe saa ya chakula cha mchana angalau siku mbili kwa wiki, ili anayekimbilia matatu naye apate kucheza.

Kwenu dada zangu wa Kidato cha Kwanza, mnaosema kikapu ni mchezo wa wavulana warefu, nawaambia mje muone. Sisi tunaojua kidogo tuko tayari kuwafundisha tulichonacho kabla hatujaingia Kidato cha Nne na kuzamishwa na mitihani. Jumatano saa saba mchana tutakuwa uwanjani nyuma ya maabara. Njoo na viatu vya raba, na kama huna, njoo hivyohivyo.